Kanga na Shimo la Siafu

Nyegere, yule mwenye ngozi ngumu, alifungua kampuni ya asali, akatangaza anataka walinzi wa mizinga. Usaili wake ulikuwa mmoja tu: mwombaji akae juu ya shimo la siafu mpaka jua liwe utosini, bila kutoa sauti.

Kobe alikaa kimya. Kakakuona naye akajikunja, kimya. Kanga alipong'atwa mara ya kwanza tu aliruka, akapiga kelele bonde zima likasikia.

"Umeshindwa," Nyegere akamwambia. "Hapa nataka wenye moyo."

"Moyo ninao," Kanga akajibu, akikung'uta mabawa. "Nikiumia nasema, na sitaacha."

Wiki haikuisha, tumbili wakaja mchana kweupe, wakakomba masega yote. Nyegere aliporudi alikuta mizinga mitupu na walinzi wametulia tuli.

"Mbona hamkupiga kelele?"

"Bosi," akasema Kobe, "si ulituajiri kwa kunyamaza?"

Nyegere akamkimbilia Kanga. "Njoo, kazi ni yako."

"Nitakuja ukishalifukia lile shimo, kwa mikono yako mwenyewe."

Nyegere akaanza kufukia. Siafu wakamvamia puani.

"Mama yangu wee!" akalia.

"Haya," Kanga akasema, "umefaulu usaili. Kesho naanza kazi."