Mbatizwa wa Kwanza

"Nitafutie fuvu la babu yetu," alisema Bwana Avira, mdhamini wa kanisa.

Eli, mwanamke mjane aliyechimba makaburi, aliegemea jembe. "Babu yupi, bwana?"

"Yule aliyebatizwa na Mtume Tomaso kwa mkono wake mwenyewe. Sikukuu ya Mtume tutaliweka altareni, ndani ya kioo, watu wapate kulibusu."

Katika kijiji kile cha Kerala, India, kaburi moja walizikwa wengi, mmoja baada ya mwingine. Mifupa ya zamani ilifukuliwa ikatupwa katika kisima kikavu, nyuma ya kanisa. Lakini kisima kile, pamoja na makaburi ya mlimani, vilikuwa vya kina Avira, waliojiita kizazi cha Tomaso. Watu wa Eli, wavunaji wa mpunga waliobatizwa juzijuzi, walizikwa bondeni. Kila mvua za Juni bonde lilifurika. Mwaka uliopita taya la shangazi yake liliokotwa shambani.

"Na mifupa ya mume wangu ipande huku juu, bwana. Mvua hiyo inakuja."

"Outha? Si ndiye aliyekaa mkeka wa mbele, kama mtu?" Avira aligonga chini fimbo yake ya kichwa cha shaba. "Nilimfunza adabu, akatoka kanisani anatema meno. Mwache na vyura wake."

"Kisimani mafuvu ni mamia. Babu nitamjuaje?"

"Utamjua tu. Damu yetu haijifichi."

"Haya. Tomaso hakuamini mpaka aguse. Wewe bwana umempita Mtume."

"Mdomo huo! Nenda kachimbe."

Siku ya tatu alilileta fuvu. Alikuwa amelisugua kwa majivu, akalivika kitambaa cheupe, akalipakata kifuani kama mtoto mchanga. Avira alisema hajawahi kumwona akifanya kazi kwa heshima namna ile.

Sikukuu ilikuja na mvua. Bonde likafurika. Watu wa Eli walisimama mlangoni, migongo imelowa, wakitazama wenye kanisa wakipanga foleni. Avira alipiga magoti wa kwanza. Alibusu kioo mara tatu, akatazama vizuri, machozi yakamtoka.

"Jamani, oneni pengo hili! Meno mawili ya mbele! Mpagani gani alimpiga babu yetu hivi, kwa ajili ya imani tu?"

Kanisa zima likaguna kwa uchungu. Pale mlangoni, Eli aliitazama fimbo aliyokuwa akiiegemea Avira ili ainuke.