Kijiko cha Salfa

"Shikamoo, Baba Somoe."

Fikirini hakuitikia. Aliingia darasa la kidato cha pili kama anaingia shambani kwake, nyuma yake Anwari muuza salfa, na nyuma ya Anwari kundi la wazazi walioacha kazi zao makusudi waje kuona mwalimu akiumbuliwa.

Mwalimu Helena, aliyemwamkia, aliweka chaki mezani. Shikamoo isiyoitikiwa, tena mbele ya wanafunzi, ni kofi, na Fikirini alitaka liume.

"Yule pale," alisema, akimnyooshea kidole binti yake Somoe aliyejiinamia dawati la mbele. "Jana kaja nyumbani, ananiambia mbele ya majirani kwamba salfa ya Anwari ninayopulizia mikorosho ni feki. Nani kamfundisha?"

"Sikusema feki, baba," mwalimu alisema. "Nilikuwa nafundisha hali za maada: yabisi, kimiminika, gesi. Maabara hatuna, nikawaambia kila mmoja aje na salfa kidogo ya kwao, maana msimu huu haikosekani nyumbani. Salfa safi ukiipasha moto inayeyuka, halafu inawaka na kuondoka yote. Zao hazikuondoka zote. Kila kijiko kilibaki na vumbi jeupe."

"Vijiko vyako vichafu!" Anwari akadakia, na wazazi wakacheka.

Fikirini hakucheka. Mikorosho yake hapo Chilangala ilikuwa imechanua, na maua yameanza kuingia ule weupe wa ugonjwa wa ubwiriunga, ingawa alikuwa akiamka alfajiri na kupulizia umande ungali majanini. Anwari alikuwa amemweleza sababu: amechelewa kuanza, dawa itashika tu, avumilie. Akavumilia. Sasa kama maneno ya mwalimu huyu ni kweli, hapakuwa na cha kuvumilia. Korosho za mwaka mzima zilikuwa zimekwenda, na yeye hakuwa na shamba jingine wala kazi nyingine. Ndiyo maana alimchukia. Tangu jana alikuwa akimchukia kwa moyo wote, mwanamke wa Masasi mjini asiyejua hata mkorosho unapaliliwa lini.

Tena Anwari hakuwa mtu baki. Waliingia jando pamoja, wakauguza vidonda vyao chini ya paa moja la majani. Kumtukana Anwari ilikuwa ni kumtukana yeye.

"Washa moto wako," Fikirini alisema. "Leo utapima mbele yetu, na ukishindwa utahama hapa."

Mwalimu Helena akawasha taa ya spiriti. Akanyoosha mkono kuchukua kikopo chenye salfa za wanafunzi.

"Siyo hizo!" Anwari alimzuia. "Vitoto vimeshazichezea hizo, sijui vimetia chaki." Akachomoa kwapani mfuko mdogo uliofungwa kwa kamba ya katani. "Pima hii. Hii ndiyo ninayopulizia mikorosho yangu mwenyewe. Nani hapa hajaiona mikorosho yangu?"

"Tumeiona!" wazazi wakaitikia. Na kweli, maua yake mwaka huu yalikuwa yanasimamisha hata watu wa bodaboda.

Mwalimu akachota, akashika kijiko juu ya moto. Salfa ikalainika pembeni, ikayeyuka yote, ikawa ya njano kama samli, kisha ikaiva na kuwa nyekundu. Ikashika moto wa buluu. Moshi wake ukakwaruza koo, watoto wakaziba pua na kukimbilia madirishani, lakini Fikirini hakurudi nyuma hata hatua moja. Macho yalimtoka machozi akiwa amekitazama kijiko kile.

Moto ulizima wenyewe. Mwalimu akakigeuza kijiko kwenye mwanga.

"Kuna vumbi?" Fikirini aliuliza.

"Hakuna."

"Sema kwa sauti. Wanafunzi wako wasikie."

"Hakuna kilichobaki," alisema Mwalimu Helena. "Salfa hii ni safi."

Mama mmoja akapiga kigelegele. Watu wakampiga Anwari mgongoni. Fikirini akasogea mbele mpaka mwalimu akagusa ubao kwa mgongo.

"Mwombe radhi."

"Baba Somoe, naomba kwanza niulize..."

"Hapa huulizi kitu! Umemvunjia mtu heshima, umetaka kutugombanisha na watoto wetu. Mwombe radhi!"

Mwalimu alimtazama Anwari kwa muda, akautazama na ule mfuko. "Naomba radhi, baba," alisema polepole. Somoe alikuwa analia kimyakimya, na baba yake hakumwangalia.

"Kesho tunakwenda kwa mkuu wa shule," Fikirini akawatangazia wenzake. "Huyu hatumtaki."

Lakini hasira ilikuwa imeshamtoka. Alijisikia mwepesi mpaka akacheka peke yake. Kumbe dawa ni nzima! Kumbe ni kuchelewa tu, kama alivyoambiwa, na maua yatashika, na korosho atavuna. Akamshika Anwari begani kwa nguvu, kama walivyokuwa wakishikana zamani wakitoka jandoni.

"Ndugu yangu," alisema, akikinga mikono miwili, "hiyo iliyobaki nipe mimi. Alfajiri niirushie ile mikorosho iliyoanza kuwa myeupe."

Anwari alikuwa ameshaufunga mfuko wake na kuurudisha kwapani.

"Aa, hii hapana," alisema, bado anacheka na watu. "Hii siyo ya kuuza. Ya kuuza iko dukani."