Kiapo cha Simi-Simi

Adhana ya Ijumaa ilimkuta Fundi Nassoro kichwa chake kikiwa ndani ya injini ya ndege. Tangu abalehe hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa kwa makusudi. Leo aliikosa, maana ndiyo saa pekee ambayo uwanja wa ndege wa Simi-Simi ulibaki mtupu: walinzi Waislamu wako msikitini, na wenzao wamejilaza kivulini.

Alizifungua manyeto mbili, zile zinazoipa injini cheche za moto, akavunja vya ndani, akazifunga tena na kupangusa alama za vidole.

Ndege yenyewe ilikuwa kikongwe. Jeshi la serikali lilipoukimbia mji wa Kisangani mbele ya waasi, liliitelekeza majanini. Enzi zake ilishuka chini na kuwamiminia watu risasi. Sasa kutu ilishaanza kuila mkia. Mtu yeyote angesema imebaki kuwa banda la kuku. Mtu yeyote, isipokuwa Abdulhamid.

Abdulhamid alikuwa mwanawe wa pekee. Kabla ya uhuru, Mzungu mmoja wa klabu ya ndege, Hubert, alimfundisha kurusha, mwanzoni kwa mzaha, na mzaha ukawa ujuzi. Sasa kijana alikuwa amejipeleka mwenyewe kwa Cyprien, kamanda wa waasi pale uwanjani.

"Commandant," alimwambia, "hii ndege iko muzee, lakini meno yake bado iko. Unipe mafuta ya essence tu, nitaenda kupiga baaskari ya serikali."

Nassoro aliposikia, maji yalimfika shingoni. Kila asubuhi ndege za serikali zilipita juu ya mji, zenye nguvu na kasi, na kikongwe hiki wangekidungua kabla hakijavuka mto. Alimsihi mwanawe, akamkaripia, mwisho akalia mbele yake bila haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Kijana alitabasamu tu na kumuuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

"Papa, weye unaogopaka kule juu?"

"Mi naogopa hata paa ya nyumba! Unaniuliza upuuzi gani?"

"Na tank ikijaa, tutafika wapi?"

"Utafika kaburini."

Abdulhamid akamshika bega. "Bon. Siku ya kujaribu, ukuye karibu na ndege. Karibu kabisa, papa."

"Nikuje kukuangalia unakufa?"

Lakini siku ya kujaribu ilipofika, Nassoro alikwenda. Kamanda Cyprien alisimama na wapiganaji wake waliojifunga majani vichwani. Abdulhamid akapanda, akawasha. Propela ikazunguka, ikakohoa, ikasimama. Akajaribu tena, na tena. Jasho lilimtiririka, na kila iliposimama alimgeukia baba yake kwa macho ambayo Nassoro hakuweza kuyatazama. Aliyadhani ni ya hasira.

"Alors, fundi," kamanda akasema. "Iko mugonjwa ao iko mufu?"

"Iko mufu, commandant."

"Mutoto yako anasema iko muzima. Weye ni Mungwana ya hapa Kisangani. Utaapa."

Nassoro aliyatarajia hayo. Cyprien hakusali msikitini wala kanisani, lakini aliwajua watu wa mji: kila Mungwana, yaani Mwislamu wa pale mjini, ambaye yeye kamanda alimtilia shaka, alimletea msahafu. Na nyumbani kwa kina Nassoro walilelewa wakiambiwa kwamba anayeushika msahafu kwa uongo hazeeki na watoto wake. Ndiyo maana aliiua ndege kwanza. Alitaka kiapo chake kiwe kweli tupu, kisimrudie mwanawe.

Akatawadha, akaweka mkono wa kulia juu ya msahafu.

"Wallahi, billahi, tallahi, hii ndege haitaruka tena."

Moyo ulimtulia kama mtu aliyetua mzigo. Mwanawe alikuwa amepona. Jioni wangerudi nyumbani kwao Tshopo, wale wali na samaki, na kama kijana angenuna mwezi mzima, basi na anune.

Kamanda akaufunika msahafu kwa kitambaa chake, taratibu, kwa heshima.

"Bon. Rubani mwenye hana ndege, iko askari ya miguu." Akaonyesha lori lililokuwa likinguruma karibu na lango. "Apande."

Wakamrashia Abdulhamid maji ya dawa, eti risasi zitageuka maji zikimgusa, wakampa mkuki. Malori yale yalikwenda mbele, kwenye bunduki za serikali, na waliorudi nayo walirudi wakiwa wamefunikwa turubai. Nassoro alipiga magoti kwenye vumbi. Alisema achukuliwe yeye. Alisema ndege itatengenezeka, apewe siku mbili tu, lakini kamanda akamwonyesha msahafu na kumuuliza kama basi aliushika kwa uongo.

Walimruhusu amuage. Abdulhamid aliinama kutoka juu ya lori, akamkumbatia baba yake shingoni kwa nguvu, akamnong'oneza:

"Iko na viti mbili, papa. Ya nyuma ilikuwa ya weye. Leo tungelala Bangui, kwenye hakuna vita."