Zamu ya Jumanne

Jumanne ni zamu yetu. Nyumba saba zilifiwa, na sheria inampeleka muuaji kila nyumba siku moja kwa wiki, afanye kazi za marehemu. Kwetu, Kazidi anafanya kazi za mkwe wangu, Mwanahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ulimi umeshazoea.

Anapooza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, kisha anamlisha mjukuu wangu Zaina. Tangu msiba, siku hiyo tu ndiyo mtoto anakula akashiba.

"Kazidi, unanimwagia, mzembe wewe!" Zaina anacheka.

Mwanangu Shekue, mpelelezi aliyemkamata, hukaa mlangoni akiitazama ile mikono. Leo alinionyesha picha ya msichana aliyeopolewa kisimani.

"Wa nane, mama, wa kabla sijamkamata. Alama za mikono shingoni ni za Kazidi, na ni mimi tu niliyezitambua. Nikiandika, zamu zitapangwa upya. Jumanne inaweza kwenda kwao."

"Ana wazazi?"

"Mama yake huja kituoni kila asubuhi kumuulizia. Huniletea maandazi."

Nilimtazama Zaina akikomba kikombe.

"Hayo maandazi, mwanangu," nikasema, "uwe unayapokea na kumshukuru."