Mkia wa Punda

Wanyama walikuwa na kisima kimoja na mkuu mmoja, Fisi.

"Nguchiro ndugu yangu," alinong'ona Punda, "wewe huna woga. Kesho barazani muulize Fisi mbona jamaa zake hunywa kwanza. Nitasimama nawe."

Nguchiro akauliza.

Fisi akakohoa. "Anayetaka huyu afungwe mdomo, ainue mkia."

Hivyo ndivyo walivyopiga kura. Punda alipoona Fisi anamtazama, aliuinua wake kabla ya wote.

Nguchiro alifungwa kamba mdomoni siku tatu. Alipofunguliwa, alimkuta Punda kisimani, mwisho wa foleni kama zamani.

"Kaka, swali lako nililiuliza," alisema taratibu. "Jibu ulilipata?"

Punda akaufyata ule mkia.