Matao ya Baba

Fundi Shemdoe alifungua daftari la bintiye, akakuta wino mwekundu: "Matao yamechorwa baada ya mstari. Umedanganya."

Uso ulimwiva. Jana Mwantumu alimwomba amsaidie kukata mstari katikati, kwa pembe mraba, akitumia bikari bila kupima. Yeye, seremala kwa miaka thelathini, hakujua. Akaona haya kusema. Akapima kwa rula, akachora mstari wa kukata, kisha akapachika matao mawili juu yake ili yaonekane ndiyo yaliyomwongoza.

"Ulimwambia mwalimu nani kachora?"

"Nilimwambia ni mimi."

"Akakufanya nini?"

"Nilisimama mbele ya darasa mpaka kengele."

Mwantumu hakulalamika. Alifungua ukurasa mpya, akachora mstari, akampa bikari. "Ipanue ipite nusu ya mstari, baba, la sivyo matao hayakutani. Ukihamia upande wa pili, usiibane wala kuipanua tena."

Fundi akaanza. Mkono uliozoea randa ulikandamiza mno, ncha ikateleza, tao likaenda kombo.

Mwantumu alimsogezea kifutio, kisha akageuka kutazama dirishani, kama vile kule nje kuna kitu.