Pole za Saumu

Tangu simu zilipoanza kuwajibu rafiki kwa niaba ya vijana, kwa sauti za vijana wenyewe, Saumu hakuwahi kukosana na Mwanaidi hata siku moja. Jumamosi akaenda kwao kusukwa, mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Akaketi mkekani, mgongo kwenye magoti ya mwenzake, simu kando.

“Mama yuko wapi, nimwamkie?”

Chanuo likasimama kichwani mwake.

“Tulimzika mwezi wa Rajabu,” Mwanaidi alisema taratibu. “Ulinipa pole kila siku, Saumu. Ulilia na mimi.”

Saumu akageuka ampe pole. Simu yake ikawahi kumfariji Mwanaidi, kwa sauti ileile iliyolia naye.

“Ahsante, shoga yangu,” Mwanaidi alijibu, akiitazama simu.